Sauti ya Diouana: kuhusu filamu "La Noire de..." ya Sembène Ousmane na lugha ya kuisimulia

Makala haya yametokana na swali ambalo hatukuliuliza sisi. Tulikuwa tumewaonyesha wanafunzi wetu wa lugha na fasihi filamu ya Sembène Ousmane iitwayo La Noire de..., iliyotolewa mwaka 1966. Walikuja pia jamaa zao wachache, kwa kuwa habari ya sinema ya bure haifichiki. Miongoni mwao alikuwamo mama mmoja mtu mzima ambaye, katika miaka ya 1970, alifanya kazi za nyumbani kwa Wazungu wa kampuni ya madini. Filamu ilipokuwa imekwenda kama dakika kumi aliniinamia akaninong'oneza: "Baba mwalimu, kinywa yake iko ya kufungika, sasa ile sauti inatoka wapi?"

Nilimjibu kwa haraka kwamba yale ni mawazo ya msichana. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza tena: kama ni mawazo yake, mbona anawaza Kifaransa?

Nilikuwa nimeifundisha filamu hiyo kwa miaka miwili, na katika muda huo wote nilizungumza juu ya ukoloni mamboleo, kinyago, rangi nyeusi na rangi nyeupe, maudhui na fani, kama desturi ya uhakiki wetu inavyotaka. Swali la mama huyo halikuwa katika madaftari yangu. Nakusudia hapa kulijibu kadiri niwezavyo, kwa sababu naona kwamba ndani yake imo sababu mojawapo ya filamu hii kuendelea kuishi, ilhali nyingine nyingi za umri wake zimebaki majina katika vitabu vya historia ya sinema.

Kisa chenyewe ni rahisi kusimuliwa. Diouana ni msichana wa Dakar asiyejua kusoma, anayetafuta kazi. Wasichana kama yeye huketi ukingoni mwa barabara wakingoja mabibi wa Kizungu waje kuwachagua. Bibi anapotokea, wenzake wanainuka na kumzonga. Diouana anabaki nyuma, naye ndiye anayechaguliwa. Anapewa kazi ya kuangalia watoto. Kwa furaha ya kuajiriwa anawapelekea mabwana zake zawadi, kinyago alichokinunua kwa mtoto wa mtaani kwao kwa faranga 50. Baadaye familia inarudi Ufaransa, naye anaitwa kuifuata Antibes, mji wa pwani ya kusini. Anashuka melini akiwa na gauni la madoadoa, viatu vya visigino na wigi kichwani, akitarajia kuyaona maduka na mitaa mizuri. Anachokiona ni jiko, bafu, sebule na chumba cha kulala. Watoto hawapo. Anapika, anafua, anapiga deki. Bibi anamvalisha aproni na kumwamuru avue viatu vile. Kinyago kimetundikwa peke yake kwenye ukuta mweupe. Siku zinapita, Diouana anazidi kunyamaza, anakitwaa kinyago chake, anaukataa mshahara, anafunga sanduku, kisha anaingia bafuni na kujiua.

Sembène alikuwa amekwisha kuandika kisa hiki kama hadithi fupi katika mkusanyo wake Voltaïque wa mwaka 1962, na chanzo chake kilikuwa habari fupi ya gazeti la Kifaransa. Hadithi imewekwa mwaka 1958, kabla ya uhuru. Filamu ikakihamishia kisa baada ya uhuru wa Senegal, uliopatikana mwaka 1960. Badiliko hilo ni dogo kwa wino na kubwa kwa maana. Katika hadithi msichana anasafiri kutoka koloni kwenda kwa mtawala wake. Katika filamu anatoka katika nchi yenye bendera na wimbo wa taifa, na hali yake ni ile ile.

Sasa tuirudie sauti. Mwigizaji anayeonekana ni Mbissine Thérèse Diop, mkazi wa Dakar, ambaye hakuwahi kuigiza katika filamu kabla ya hapo. Sauti inayosikika ni ya mwingine, yaani Toto Bissainthe, mwigizaji na mwimbaji wa Haiti, iliyoingizwa baada ya picha kupigwa. Kwa hiyo jibu sahihi kwa mama yule lingekuwa kwamba sauti inatoka Haiti. Mwili ni wa Dakar, sauti ni ya kisiwa ambacho babu zao walipelekwa kwa meli nyingine, na lugha ni ya Bibi mwenye nyumba. Kinywani mwa Diouana, mbele ya mabwana zake, hayatoki zaidi ya maneno machache ya kuitikia amri. Kichwani mwake ndimo mnamopita sentensi ndefu za Kifaransa kilichonyooka, zinazouliza watoto wako wapi, zinazouliza kama Ufaransa ni hili jiko na hiki chumba tu.

Wahakiki wengi huipitia hali hii kwa upole. Husema kwamba fedha na mitambo vilikuwa mikononi mwa Wafaransa, na kwamba kanuni za wakati ule hazikumwachia mtengenezaji nafasi. Hayo ni kweli. Mswada wa filamu hii ulikataliwa na ofisi ya Ufaransa iliyosaidia sinema za Kiafrika, na filamu ikakamilishwa kwa ushirikiano na kampuni ya habari za sinema ya Paris. Tena tusisahau kwamba agizo la Kifaransa la mwaka 1934 lilikuwa limewabana Waafrika wa makoloni wasipige filamu kwao bila kibali cha mtawala. Aliyefika kwenye kamera baada ya miaka thelathini ya kufungiwa mlango hawezi kulaumiwa kwa kutochagua kiti cha kukalia.

Hata hivyo udhuru si uhakiki. Kosa lenye sababu ni kosa bado, na nasema bila kificho kwamba Kifaransa cha Diouana ni kosa la filamu hii. Msichana asiyeweza kusoma barua ya mama yake hawezi kuwaza kwa lugha aliyoisikia jikoni. Mama yetu, ambaye hakusoma uhakiki wowote, aliliona kosa hilo kwa dakika kumi. Na Sembène mwenyewe alijua. Huyu ni mtu aliyekuwa mwanajeshi katika vita vya pili vya dunia, kisha mpakuzi wa shehena bandarini Marseille, kisha mwandishi wa riwaya kwa Kifaransa, na ambaye karibu na umri wa miaka arobaini alikwenda Moscow kujifunza sinema, akisema kwamba watu aliowaandikia hawakuweza kuvisoma vitabu vyake. Mtu wa namna hiyo hakusahau kwa bahati mbaya kwamba mhusika wake ni Mwolof.

Dalili kwamba alijua imo ndani ya filamu yenyewe, katika tukio la barua. Ningependa kukaa hapo kidogo.

Barua inafika kutoka Dakar. Imetoka kwa mama yake Diouana, lakini mama hajui kuandika. Aliyeiandika ni mwalimu wa mtaa, na mwigizaji wa mwalimu huyo, mwenye kiko mdomoni, ni Sembène mwenyewe. Bwana anaichukua na kuisoma kwa sauti mbele ya Diouana. Mama analalamika kwamba hapati habari, anaomba fedha. Bwana kwa wema wake (maana si mtu mkatili, na huo ni ustadi mmojawapo wa filamu) anachukua karatasi na kalamu, anaanza kuandika jibu kwa niaba yake, na anamhimiza aseme la kuongeza. Diouana haongezi kitu. Ndani ya kichwa chake anasema kwamba hiyo si barua yake. Kisha anaichana.

Tazama hesabu ya vinywa katika tukio hilo. Mama anasema kwa Kiwolof, mwalimu anaandika Kifaransa, Bwana anasoma, Bwana anajibu. Wanawake wawili wanaandikiana na neno la yeyote kati yao halimo. Na tunaambiwa haya na nani? Na ile sauti iliyoazimwa, ambayo nayo si yake. Hapo kosa la filamu linageuka kuwa habari yake. Sijui kama Sembène alipanga iwe hivyo au alijikuta hapo. Kwa mhakiki haidhuru. Linalojulikana ni kwamba baada ya tukio hilo kila neno tunalolisikia kutoka kwa Diouana tunalisikia kwa shaka, kama tunavyosikia maneno ya mkalimani tunayehisi kwamba anatupunja.

Nikiri kwamba tukio hilo linanigusa kwa sababu nimewahi kukalia kiti cha Bwana. Mwaka 2002, nchi ikiwa imegawanyika kwa vita na barua zikipelekwa kwa mikono ya wasafiri, mimi nilikuwa mtoto wa shule mwenye mwandiko mzuri, na majirani walinijia niwaandikie mikanda kwa jamaa zao wa upande wa pili. Walisema kwa Kiswahili cha nyumbani, nami nikaandika kwa Kiswahili cha shule, nikianza na salamu ndefu nilizozikariri, na nikiyapanga upya malalamiko yao ili yapendeze. Nilijiona mtoto wa msaada mkubwa. Siku moja nilimsomea jirani mmoja barua yake kabla ya kuifunga. Alisikiliza hadi mwisho, akasema: "Iko muzuri, lakini haiko miye." Akanishukuru, akaichukua, wala hakunijia tena.

Baada ya maonyesho yale ya kwanza tuliamua kuisimulia filamu kwa Kiswahili. Msimulizi angesimama kando ya pazia na kuisema sauti ya Diouana, mazungumzo ya mabwana yakiachwa katika Kifaransa chao. Desturi ya kusimama kando ya picha na kuisemea si ngeni kwetu. Wazee wanakumbuka mapadre na wasaidizi wao waliofanya hivyo wakati wa Wabelgiji, na vibanda vya video vya mitaani viliifuata kwa filamu za karate. Nikapewa kazi ya kutafsiri. Nilitafsiri kwa Kiswahili sanifu, maana ndicho tunachokifundisha, na mwenzangu mmoja alishikilia kwamba idara ya Kiswahili haiwezi kupanda jukwaani na lugha ya sokoni.

Matokeo yalikuwa haya. Niliposema kwamba Diouana aliajiriwa kuwa yaya wa watoto wa Kizungu, ukumbi ukaangua kicheko. Kwa msomaji wa pwani sentensi hiyo haina kasoro. Kwa mtu wa Lubumbashi yaya ni kaka au dada mkubwa, kwa hiyo nilikuwa nimemfanya msichana wa Dakar kuwa mzaliwa wa kwanza wa Bibi. Kicheko kilipokwisha nilidhani mambo yatatengemaa. Lakini kila sentensi niliyoisema, yenye upatanisho kamili wa ngeli na vitenzi vilivyonyambuliwa kwa uangalifu, ilimsogeza Diouana mbali na sisi. Alisikika kama mtangazaji wa redio aliyefungiwa jikoni. Mwanafunzi mmoja aliniambia baadaye kwamba alipendelea Kifaransa, kwani katika Kifaransa angalau ilijulikana wazi kwamba msichana hasemi lugha yake.

Neno hilo lilinichoma. Nilikuwa nimeiondoa lugha ya Bibi na kuiweka mahali pake lugha ya mwalimu. Mara ya pili nilimwomba mwanafunzi wa kike aisome sauti hiyo kwa Kiswahili cha Lubumbashi, kwa maneno ambayo angeyatumia yeye kama angekuwa peke yake katika jiko la watu. Hakuandika tafsiri, alikuwa na muhtasari tu. Siku hiyo umeme ulikatika katikati, tukangoja kama nusu saa gizani, na wakati tukingoja watu walizungumza juu ya Diouana kama jirani: alikosea wapi, kwa nini hakukimbia, kwa nini hakumwambia Bwana anayeonekana mwema. Hakuna aliyetaja fani wala maudhui.

Sisemi kwamba kwa hiyo Kiswahili sanifu kiondoke katika kazi zetu. Hata tafsiri ile ya pili ilikuwa na udanganyifu wake, kwani Diouana si msichana wa Kenya wala wa Katuba, na baadhi ya watazamaji walikwisha kusahau kwamba upo mji uitwao Dakar. Lakini wanaoandika katika taarifa hii mara kwa mara juu ya "lugha moja yenye lahaja nyingi" wangefaidika kusimama kando ya pazia jioni moja na kumsemea mhusika anayenyamaza.

Jina la filamu nalo lilitupa kazi. Kihusishi de cha Kifaransa kinabeba mambo mawili: mahali mtu atokako na mtu anayemmiliki. Vile vitone vitatu vinaliacha jambo wazi, la Dakar, la familia fulani, la Bwana fulani. Kiswahili hapa kina bahati, maana kihusishi chetu -a kina utata ule ule: mtu wa Dakar, mtu wa Bwana. Jina la Kiingereza lililiacha neno hilo kabisa, na kwa kuliacha likaipoteza nusu ya maana. Tatizo letu ni lile jingine. Noire ni mwanamke, na ngeli zetu hazitofautishi jinsia. "Mweusi wa..." haimwonyeshi msichana, na "Msichana mweusi wa..." inaongeza umri ambao Kifaransa hakikuutaja. Tulibaki na "Mweusi wa...", tukaamini kwamba picha ya kwanza itasema kilichobaki. Mpaka leo sijaridhika nalo.

Filamu ina madhaifu mengine, na itakuwa si haki kuyafunika kwa sababu tunaipenda. Wageni wanaokuja kula chakula cha mchana wamechorwa kwa mkaa mnene: mmoja anambusu Diouana kwa sababu hajawahi kumbusu mwanamke mweusi, na mezani anazungumzwa kana kwamba anaelewa lugha kama anavyoelewa mnyama. Watu wa namna hiyo wapo, lakini mtunzi amewakusanya wote kwenye meza moja. Kijana mchumba wa Diouana huko Dakar hana mwili wala moyo. Ni sauti ya kisiasa iliyovalishwa shati. Kinyume chake, wapo wanaodai kwamba Bibi amebadilika mno, mpole Dakar na mkali Antibes. Hao sikubaliani nao. Dakar alikuwa na watumishi kadhaa na nyumba kubwa. Antibes ana fleti, mume anayekunywa na mtumishi mmoja. Ukali wake unatoka katika kupungukiwa, na filamu inatuonyesha hivyo bila kumtetea.

Tukimtaja mchumba, kuna jambo moja ambalo watazamaji wetu waliliona kabla yangu. Ukutani mwa chumba chake pametundikwa kumbukumbu ya Patrice Lumumba. Kamera haikai hapo, na huenda mtazamaji wa Paris akapita bila kuiona. Katika ukumbi wetu watu walinong'onezana. Lumumba aliuawa tarehe 17 Januari 1961, karibu na mji huu huu tunaokaa, ambao wakati ule uliitwa Élisabethville. Miaka mitano baadaye kijana wa Dakar katika filamu anamweka juu ya ukuta wake, na leo vijana wa Lubumbashi wanaiona alama hiyo ikirudi kwao kwa njia ya Senegal. Nilipomshutumu mchumba kwamba hana mwili, mwanafunzi mmoja alinijibu kwamba pengine mtunzi alimwacha mtupu ili tuutazame ukuta. Sikubali sana, ila nimeliandika.

Sembène alilijibu swali la mama yetu miaka miwili tu baada ya La Noire de.... Mwaka 1968 alitoa Mandabi, ambayo watu wake wanasema Kiwolof tangu mwanzo hadi mwisho. Ilimbidi kupiga pia toleo la Kifaransa, kwa sababu ya fedha za Ufaransa zilizoigharimia, lakini la Kiwolof ndilo lililoishi. Jina lenyewe ni somo kwa wanaisimu: mandat ya Kifaransa, hundi ya posta, imeingia katika Kiwolof na kufuatwa na bi, kibainishi cha ngeli ambacho katika lugha hiyo hukaa baada ya nomino. Kama sisi tunavyoziingiza karatasi, posta na sinema katika ngeli ya 9 bila kuulizana, Wawolof huziingiza bidhaa za wageni katika ngeli yao ya b. Neno la ofisi linapewa mkia wa nyumbani.

Na kisa chote kimo katika neno hilo. Ibrahima Dieng, mtu wa makamo asiye na kazi, mwenye wake wawili, anapokea hundi ya faranga 25,000 kutoka kwa mpwa wake anayefagia barabara za Paris. Sehemu kubwa si yake, ameombwa aihifadhi. Habari inaenea, wake wanakopa mchele dukani, majirani wanakuja na shida zao. Posta inataka kitambulisho. Kitambulisho kinataka cheti cha kuzaliwa, picha na stempu. Cheti kinataka tarehe ambayo Dieng haijui. Anazunguka na kanzu yake nzuri kutoka dirisha hadi dirisha, na mwishowe anampa hati ya uwakilishi jamaa msomi aliyevaa suti, ambaye anazichukua fedha na kumwambia zimeibwa. Katika nchi yetu, ambako kwa miaka mingi kadi ya mpiga kura ndiyo iliyotumika kama kitambulisho cha raia, filamu hii haihitaji msimulizi kando ya pazia. Watu walicheka mapema, kabla ya karani kufungua kinywa.

Kama kazi ya sanaa, Mandabi ni timamu zaidi. Ina rangi, ina mazungumzo, ina watu wengi wenye nyuso zao, na Makhourédia Guèye katika nafasi ya Dieng anaijaza picha hata anaponyolewa tu na kinyozi chini ya mti. Ile sauti ya kuazima imekwisha. Diouana angeishi katika filamu hii angesema. Lakini nikiulizwa ni ipi kati ya hizi mbili inayonifuata nyumbani usiku, nitajibu ile ya kwanza, ile yenye kosa. Dieng analia kwa lugha yake, nasi tunalia pamoja naye, kisha tunalala. Diouana hakupewa hata hilo.

Sembène hakuliacha jambo la lugha hadi alipofariki Dakar mwaka 2007. Katika Xala ya mwaka 1975 binti anamjibu baba yake tajiri kwa Kiwolof kila anaposemeshwa kwa Kifaransa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alishiriki na mwanaisimu Pathé Diagne kuanzisha Kaddu, gazeti la Kiwolof. Na mwaka 1977 alipotoa Ceddo, serikali ya Rais Senghor iliizuia isionyeshwe Senegal, na sababu iliyotajwa hadharani ilikuwa tahajia: kwa kanuni rasmi neno hilo liliandikwa kwa d moja, naye aliandika mbili. Watu walielewa kwamba filamu yenyewe, jinsi ilivyosema juu ya dini na utumwa, ndiyo iliyoudhi. Hata hivyo sisi wanaisimu hatupati mara nyingi heshima ya kuona konsonanti moja ikifunga milango ya sinema.

Mwaka 2015 La Noire de... ilisafishwa na kutengenezwa upya huko Bologna, kwa msaada wa mfuko wa Kimarekani unaookoa filamu za zamani. Nakala tuliyoionyesha mara ya pili ilitokana na kazi hiyo. Weupe wa ukuta wa Antibes unaumiza macho sasa, na madoadoa ya gauni yanahesabika. Nilipomwonyesha mama yule nakala hii alitikisa kichwa alipoiona aproni, akasema kwamba ya kwake ilikuwa na mfuko mbele. Juu ya sauti hakusema neno siku hiyo.

Imebaki sehemu ya mwisho, dakika chache baada ya kifo. Bwana anarudi Dakar na sanduku la Diouana na kinyago. Mwalimu mwenye kiko anampeleka kwa mama. Bwana anatoa fedha. Mama anazikataa, anageuka na kwenda zake. Mtoto, yule wa faranga 50, anaokota kinyago, anakivaa usoni, anaanza kumfuata Bwana. Bwana anaongeza mwendo, anatazama nyuma, anapita daraja la waenda kwa miguu, anafika kwenye gari lake na kuondoka. Mtoto anakishusha kinyago, tunauona uso wake.

Katika mwendo wote huo hakuna anayesema. Mwanafunzi aliyekuwa akiisoma sauti ya Diouana alinigeukia gizani, karatasi mkononi, akingoja niseme kama aongeze kitu. Nilimwambia akae.